Mhasibu Aliyeunda Gitaa la Besi

Wanachuo wenzangu, likizo ndefu iliyopita, wakati wengi wenu mko fildi mnahesabu siku, mimi nilikuwa uani kwetu Tabora na randa ya kuazima, nimejaa vumbi la mbao hadi kwenye kope. Nilikuwa natengeneza gitaa la besi. Sikuwa naigiza ufundi. Nilikuwa na deni.

Deni lenyewe lilianza hivi. Bendi yetu ya hosteli haikuwa na besi. Nikiwa mwaka wa pili, nikamwendea mwalimu wa kwaya moja ya mtaani kwetu, nikamwomba aniazime ya kwao kwa muhula mmoja. Mzee yule alinijua toka navaa kaptula, akanipa bila hata kuandikishana. Gitaa lenyewe lilikuwa zee, shingo yake imegundishwa kwenye bodi. Nikaliweka kwenye buti la basi. Tulipofika, juu yake kulikuwa na magunia mawili ya karanga. Shingo ilikuwa imekatika pale pale kwenye maungio. Kondakta akanikumbusha kilichoandikwa kwenye tiketi kuhusu mizigo, tukaachana.

Bumu mnalijua. Ukishalipa chumba na kula, besi mpya huigusi. Nilipomweleza baba, alisema kwamba kitu cha kuazima hurudishwa, hakuongeza neno. Ila kesho yake alinionyesha ubao wa mninga uliobaki tulipojenga, mnene na mkavu, umekaa darini miaka. Nikaelewa.

Basi nikaanza kutafuta vipimo. Nyuzi ziwe na urefu gani? Shingo ifungwe vipi? Kila nilipochimba nilikuta jibu linarudi kwa mtu mmoja, Mmarekani aliyeitwa Leo Fender. Jina hilo mmeliona limeandikwa kwenye vichwa vya magitaa kanisani, ukumbini na kwenye video. Nilichokuwa sijui ni kwamba hakusomea umeme wala useremala. Alisomea uhasibu, kozi hii hii inayonikosesha mimi usingizi. Ndiyo maana nimeona niwasimulie maisha yake.

Jina kamili ni Clarence Leonidas Fender. Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 kusini mwa California, kwenye shamba kati ya miji ya Anaheim na Fullerton. Wazazi wake walilima machungwa. Alipokuwa na miaka 8 aliota uvimbe kwenye jicho la kushoto, jicho likatolewa, akawekewa la kioo. Aliishi na jicho moja maisha yake yote. Baadaye, vita kuu ya pili ilipokuja na vijana wakaitwa jeshini, yeye hakuchukuliwa kwa sababu ya jicho hilo. Alibaki kwenye meza yake ya kazi.

Redio ndiyo iliyomteka akili. Mzee mmoja wa ukoo wao alikuwa na karakana ya umeme wa magari katika mji wa Santa Maria. Leo akiwa kijana wa miaka 13 hivi, mzee huyo alimtumia boksi la vipuri chakavu vya redio pamoja na betri. Alipokwenda kumtembelea alikuta redio aliyoiunda mzee mwenyewe imewekwa mbele ya karakana, inaunguruma kwa sauti kubwa mtaa mzima. Toka hapo dogo hakutulia. Akawa anatengenezea watu redio nyumbani kwao huku akiwa bado shuleni.

Mwaka 1928 alimaliza sekondari Fullerton, akaingia chuo cha kati hapo hapo mjini. Mtu angedhani atachukua umeme. Akachukua uhasibu. Umeme aliendelea kujifunza peke yake, kwa kufungua vitu na kuvifunga. Yaani alifanya wanachofanya wengi wetu: cheti cha ugali mkono wa kulia, mapenzi mkono wa kushoto.

Alipotoka chuoni alifanya kazi kwenye kampuni ya barafu mjini Anaheim, akianza na kupeleka mizigo na kuishia kwenye vitabu vya hesabu. Mwaka 1934 akamwoa Esther Klosky. Kisha akapata kazi ya uhasibu kwenye idara ya barabara ya jimbo, huko San Luis Obispo. Lakini hii ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Kazi ile ikapotea. Akapata nyingine ya uhasibu kwenye kampuni ya matairi, miezi 6 tu, nayo ikaota mbawa.

Hapo nilisimama kusoma kwa muda. Mtu ana mke, ana cheti, amefukuzwa kazi mara mbili bila kosa lake. Wangapi kati yetu tunaogopa hilo hilo tukifikiria mwaka wa mwisho? Leo alifanya hivi: mwaka 1938 alikopa dola 600, akarudi Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio. Mhasibu akawa fundi redio wa mtaani.

Wanamuziki wa pale ndio waliompa kazi iliyomtajirisha. Walimletea amplifaya mbovu, spika zilizopasuka, vipaza sauti na magitaa ya umeme ya kupakata mapajani yanayopigwa kwa chuma. Kadiri alivyozifungua ndivyo alivyoona zilikosewa wapi. Wakati wa vita alishirikiana na Doc Kauffman, naye mwanamuziki na mbunifu. Walichukua kipande cha mbao nzima, isiyo na tumbo la wazi, wakakifunga nyuzi ili wajaribu pikapu yao. Wenzangu, pikapu hapa siyo gari. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme unazaliwa kwenye waya, unakwenda kwenye amplifaya na kukuzwa. Tumbo la gitaa halina kazi tena. Kipande kile cha majaribio wanamuziki walikipenda, wakawa wanakikodi na kusubiriana zamu.

Mwaka 1945 wawili hao walifungua kampuni, ikaitwa K&F. Mwaka uliofuata Kauffman alijitoa, hakutaka mzigo wa madeni. Leo akabaki, na kampuni ikawa Fender. Mwaka 1948 alijiunga naye kijana aliyeitwa George Fullerton, na huyu tutamkuta tena mwishoni.

Mwaka 1950 walitoa gitaa la mbao nzima, hilo lililokuja kuitwa Telecaster. Na hapa nina kisa ambacho kilinifariji sana. Leo aliamini kwamba shingo ya mti wa mepo ni ngumu vya kutosha, haihitaji chuma ndani. Don Randall, aliyesimamia mauzo, alimsihi aweke. Leo hakutaka. Shingo za kwanza zikapinda. Ikabidi akubali, fimbo ya chuma ikaingia, ile inayokazwa kwa spana ili shingo inyooke.

Kumbe mimi nami nilikuwa nimefanya kosa hilo hilo. Shingo yangu ya kwanza niliichonga kwa mkongo, mti mgumu unaoukataa msumeno, nikaona chuma cha nini. Niliweka nyuzi jioni. Besi ina nyuzi nne nene, zinavuta kwa nguvu sana. Baada ya siku nne ungeweza kupitisha kidole kati ya nyuzi na ubao wa katikati. Siku kumi za patasi zimekwenda na maji. Nikachonga ya pili, nikachimba mfereji nyuma yake, na fundi wa kuchomelea akanitengenezea fimbo yenye nati kwenye ncha.

Sasa tuje kwenye besi yenyewe. Mpaka mwaka 1951, mpiga besi wa bendi nyingi alisimama na chombo kirefu kumzidi yeye, kile cha mbao kinachofanana na fidla kubwa. Kukisafirisha ilikuwa adhabu. Kilikula nafasi ya abiria, na kilipofika ukumbini hakikusikika, kwa sababu magitaa yalikuwa na umeme na ngoma zilikuwa ngoma. Tena hakina freti, yaani vile vyuma vya kupitisha shingoni. Ukiweka kidole pembeni kidogo, noti imechacha. Mpiga gitaa wa kawaida hakuweza kukichukua tu akapiga.

Lazima niseme kweli: Leo hakuwa wa kwanza kufikiria jambo hili. Paul Tutmarc, wa mji wa Seattle, alikuwa ameshatengeneza besi ya umeme ya kubeba kama gitaa, yenye freti, miaka ya 1930. Haikuuzika sana, ikasahauliwa. Wazo zuri linaweza kufika kabla ya watu wake. Miaka ya 1950 bendi zilikuwa zimeshanunua amplifaya, na mpiga besi alikuwa ndiye aliyeachwa nyuma.

Besi ya Leo ilitoka mwaka 1951, ikaitwa Precision, maana yake usahihi. Jina lilitokana na zile freti 20: bonyeza nyuma ya chuma, noti inakaa mahali pake. Alijaribu urefu mbalimbali wa nyuzi, mfupi na mrefu, akaishia kwenye inchi 34. Mfupi zaidi, uzi mnene unalegea na sauti inakuwa tope. Mrefu zaidi, vidole havifiki. Bodi aliipa pembe mbili, na ile ya juu ndefu, ili mkanda ushike mbele na gitaa lisiangukie upande wa kichwa. Mwaka 1952 akaongeza amplifaya yake maalumu, Bassman, kwa sababu spika za gitaa la kawaida hazikuvumilia sauti nzito.

Inchi 34 ni sentimita 86.36. Hapo ndipo uhasibu uliponisaidia, baada ya kuniumbua. Ili kupata nafasi ya freti ya kwanza unagawa urefu huo kwa 17.817, unapata sentimita 4.85 hivi kutoka kwenye kichwa. Kisha urefu uliobaki unaugawa tena kwa namba ile ile, na kuendelea hadi mwisho. Mimi kwa uvivu nilitumia 18, nikaona tofauti ni ndogo. Nikapanga zote 20 kwenye jedwali la kompyuta. Freti ya 12 inapaswa kuwa katikati kabisa ya uzi, sentimita 43.18. Yangu ikasoma 42.87. Milimita tatu zimepotea, na katika besi milimita tatu ni noti iliyochacha mbele ya waumini wote. Kosa dogo kwenye kila mstari, mwishoni vitabu havifungi. Mhadhiri wetu amelisema hilo mara ngapi? Bahati nzuri nilikuwa bado kwenye karatasi, sijaingiza msumeno kwenye mbao. Freti zenyewe nilizing'oa moja moja kwa koleo kutoka kwenye shingo iliyovunjika, nikazinyoosha. Pikapu na funguo za kukazia nyuzi nazo nilizitoa huko huko, na fundi redio wa stendi akanilehemea nyaya kwa bei ya soda mbili.

Lakini katika maamuzi yote ya Leo, lililonigusa mimi ni la skrubu nne. Watengenezaji wengi wa magitaa wa wakati huo waligundisha shingo kwenye bodi, na waliona ndiyo heshima ya kazi. Leo aliifunga kwa skrubu, kama mlango wa kabati. Wapo waliomcheka. Yeye alifikiri kama fundi redio, mtu aliyekwisha kaa miaka akifungua vitu vya watu vilivyoharibika. Shingo ikichakaa, fungua, weka nyingine, bendi ikapige usiku huo huo. Fikiria gitaa la kwaya lingekuwa na skrubu nne. Ningechonga shingo tu, bodi isingekuwa na haja ya kuguswa.

Jambo jingine linaloshangaza ni kwamba Leo hakujua kupiga gitaa. Utotoni alijifunza piano na saksafoni, gitaa hakulifahamu kamwe. Kwa hiyo alilazimika kusikiliza. Aliwapa wanamuziki magitaa ya majaribio, akawafuata kumbini na kuwaangalia, wakilalamika anarudi karakana na kurekebisha. Stratocaster ya mwaka 1954, gitaa lililokuja kushikwa na karibu kila mpiga solo mnayemjua, lilizaliwa katika malalamiko ya namna hiyo. Mwaka 1957 pikapu ya Precision ikagawanywa vipande viwili ili kupunguza mlio wa umeme, na mwaka 1960 ikaja besi ya pili, Jazz Bass.

Dunia iliitikia taratibu, kisha kwa kishindo. Monk Montgomery aliipiga mapema katika bendi ya Lionel Hampton. Huko Detroit, James Jamerson aliifanya iimbe katika nyimbo za Motown za miaka ya 1960. Na sisi huku? Chukua dansi letu, chukua rumba ya Kongo, magitaa ya solo na ridhimu yakijibizana. Toa besi uone kama kuna atakayebaki ukumbini. Baba yangu hamjui Leo Fender, lakini zikipigwa za Tabora Jazz, mguu wake unafuata besi kabla ya kitu kingine chochote.

Mafanikio hayo yalikuja na gharama. Toka miaka ya 1950 Leo alisumbuliwa na maambukizi ya mianzi ya pua yasiyopona. Akawa anadhani hana muda mrefu. Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa CBS, shirika kubwa la utangazaji, kwa dola milioni 13. Kisha, baada ya kuuza, daktari mwingine akampa dawa, akapona kabisa! Ana afya, ana mamilioni, na jina lake mwenyewe limeandikwa kwenye kiwanda ambacho si chake tena. Nadhani huo ndio mtihani mgumu kuliko yote aliyopewa. Baadaye wapigaji wengi walilalamika kwamba ubora wa magitaa ulishuka mikononi mwa shirika lile.

Yeye alirudi kwenye meza. Miaka ya 1970 alikuwa na kampuni ya Music Man, iliyotoa besi ya StingRay mwaka 1976. Mwaka 1979, mwaka ambao mkewe Esther alifariki, akaanzisha kampuni nyingine na rafiki yake yule wa mwaka 1948, George Fullerton, wakaiita G&L, George na Leo. Alioa tena mwaka 1980, mke wake aliitwa Phyllis. Ugonjwa wa Parkinson ukaanza kumtikisa mikono, mikono ile ile ya kushika vyuma vidogo. Hakuacha kwenda karakana. Alifariki tarehe 21 Machi 1991 hapo hapo Fullerton, akiwa na miaka 81. Mwaka uliofuata aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa rock, mtu asiyejua kupiga hata wimbo mmoja kwa gitaa.

Sasa nimalize la kwangu. Wiki ya mwisho ya likizo niliipaka bodi vanishi, nikafunga shingo kwa skrubu nne, nikalibeba gitaa kwenda kwa mwalimu wa kwaya. Niliogopa kuliko siku ya kuangalia matokeo. Mninga ni mzito, na nilishajua atalalamikia mkanda. Alilipokea, akaamkiwa, akakaa, akapiga uzi wa chini kabisa akauacha ulie mpaka ukaisha. Kisha akapanda freti moja moja akiwa ameinamisha kichwa. Ya saba ilikuwa inakwaruza. Nami niliisikia. Hakusema limekubaliwa wala limekataliwa. Alisema watalitumia Jumapili, halafu tutaona.

Jumatatu alinipigia. Kwaya iliimba vizuri, ila ile freti ya saba inaudhi, na uzito umemwachia mpigaji alama begani. Nikaenda na bisibisi na tupa. Nikafungua skrubu nne, nikaitoa shingo, nikaisugua freti ile mezani kwake, nikarudisha. Nyuma ya bodi, mahali pasipoonekana, nikachimba mninga kidogo kupunguza uzito. Kazi ya saa mbili. Alipiga tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia deni limekwisha, ila simu yangu iwe inapatikana.

Wenzangu, wengi wetu tutamaliza hapa na cheti cha kitu kimoja na mapenzi ya kitu kingine. Leo Fender alipoteza kazi mbili za cheti chake kabla hajafika miaka 30, na kilichomwokoa ni kile alichokuwa akikifanya kwa mkono wa kushoto. Lakini msije mkatoroka vipindi kwa kisingizio changu. Bila hesabu, ile freti ya 12 ingenifedhehesha kanisani. Nina sapu moja ya kufanya mwezi ujao, na shingo iliyopinda ipo chini ya kitanda changu. Anayetaka kujifunza kuchonga aje aitazame, aanzie pale nilipokosea mimi.